Basi la usiku kwenda Iringa

Mwaka 2012 baba alifariki Iringa, mimi nikiwa London. Nilitua Dar jua likizama, nikakimbilia stendi ya Ubungo, nikakuta hakuna basi la mkoani mpaka alfajiri. Safari za usiku zilipigwa marufuku tangu miaka ya 1990, kwa sababu ya ajali. Hela ya kukodi gari sikuwa nayo. Nililala kwenye benchi, nikapanda basi la saa kumi na mbili, na nilipofika nyumbani wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, majembe begani.

Nikarudi kazini. Kazi yangu ilikuwa udereva wa basi la usiku, kutoka Trafalgar Square kwenda Wood Green. Miaka yote hiyo nimewafikisha watu wa mji ule majumbani kwao saa nane, saa tisa za usiku, na mara nyingi nikiwasha injini nililikumbuka lile benchi.

Mwezi uliopita nimerudi, na safari hii nimerudi kabisa.

Ubungo niliipita nimesimama ndani ya basi la mwendokasi. Mabasi ya mikoani yamehamia Mbezi Luis tangu 2021, na pale kwenye makutano magari yanapita juu kwa juu. Nikawa nanyoosha shingo nione stendi ilipokuwa. Mama mmoja aliyekaa akavuta begi langu, akalipakata.

"Shikamoo mama. Ni zito hilo."

"Marahaba mwanangu. Wewe shika bomba, usije ukaanguka."

Alilipakata mpaka Kimara Mwisho. Nikamalizia na daladala.

Mbezi wapiga debe walinizunguka: "Iringa, Mbeya! Ya saa tatu hii!" Saa tatu usiku. Ruhusa ya safari za usiku ilianza Oktoba 2023, niliisoma nikiwa kule, lakini kuisikia kwa masikio yangu kulinilegeza magoti. Niliomba siti ya mbele ili nimwone dereva.

Walikuwa wawili, kama inavyotakiwa kwa safari ndefu. Wa kwanza mtu mzima, simu hakuigusa, taa kubwa alizipunguza mapema kila alipoona lori, na kile kifaa kinacholia mwendo ukizidi hakikulia hata mara moja. Mikumi, mbugani, tulipita taratibu. Ruaha Mbuyuni tukashuka kuchimba dawa, vitunguu vinanukia gizani.

Mlima Kitonga ndipo nilipoacha kusinzia. Malori yalikuwa yanapanda kona kwa kona, taa zake zinaonekana juu ya vichwa vyetu. Dereva wa pili alikaa nyuma ya lori la mafuta. Konda akamwambia, "Suka, pana nafasi." Hakumjibu. Akabaki pale pale, gia ya chini, mpaka tukafika juu. Nilitamani kumpa mkono.

Usingizi wa saa kumi alfajiri naujua, haubishi hodi. Kwa hiyo wamiliki wa mabasi nawaomba: dereva wa pili apate mahali pa kulala kweli, siyo kuegemea dirisha huku redio inapiga, halafu akaambiwa amepumzika. Safari hizi tumezisubiri miaka mingi mno kuja kuzipoteza kwa sababu ya uchovu wa mtu mmoja.

Igumbilo, stendi ya Iringa, tuliingia saa kumi na moja, baridi ileile. Mdogo wangu alikuwa ananisubiri. Tukasali alfajiri, kisha tukaenda kwa baba kabla ya chai. Umande ulikuwa bado majanini.