Mizoga ya Nje ya Fimbo

Juma lililopita mwanangu aliniletea daftari lake la jiografia akaniuliza, "Mama, kitabu cha shule kinasema Pori la Akiba la Selous lina tembo zaidi ya 100,000, lakini kwenye intaneti nimeona 13,000. Niandike ipi?" Nilimjibu kwamba ya kwanza ni ya mwaka 1976 na ya pili ni ya 2013. Akaandika ile ndogo, akaenda zake. Mimi kazi yangu iliharibika jioni ile, kwa kuwa idadi hiyo ya pili naifahamu kwa namna isiyohitajika katika zoezi la shule: ilipokuwa ikitafutwa, nilikuwa kiti cha nyuma cha ndege, upande wa kushoto.

Habari za Mweka, chuo cha wanyamapori, na za ile miaka ya kuhesabu vinyesi vya tembo msituni sitazisimulia hapa. Niseme tu kwamba kufikia kiangazi cha 2013 nilikuwa nimezoea kuhesabu alama za mnyama kuliko mnyama mwenyewe, na nilipoitwa kwenye sensa ya ndege niliona nimepandishwa cheo.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Rubani hurusha ndege ndogo katika mistari iliyonyooka, takriban mita 100 juu ya ardhi. Mwangalizi wa mbele hushughulika na kimo na mahali mlipo, na wawili wa nyuma, kila mmoja kwenye dirisha lake, hutazama chini na kutaja wanachokiona kwenye kinasa sauti. Kwenye mhimili wa kila bawa hufungwa fimbo mbili sambamba, na ukanda wa ardhi unaoonekana kati ya fimbo hizo, ambao upana wake hupimwa kabla ya sensa kuanza, ndio peke yake unaohesabiwa. Dirishani hubandikwa alama ya kukuonyesha kichwa kikae wapi, maana ukijiinua kidogo tu, ukanda nao unahama. Kilicho kati ya fimbo unakitaja. Kilicho nje ya fimbo, hata kikiwa kundi zima, kwa hesabu hakipo.

Mizoga ya tembo nayo huhesabiwa, na ina madaraja manne. La kwanza ni mzoga mbichi, wenye nyama bado, ambao mara nyingi huzungukwa na tai. La pili ni ule ambao ngozi ipo na mifupa haijatawanyika, na majimaji ya mwili yameacha doa jeusi ambapo nyasi zimekufa. La tatu ni mifupa mitupu, na nyasi zimeanza kurudi. La nne ni mifupa iliyotawanyika na kupauka. Idadi ya mizoga ikigawanywa kwa jumla ya mizoga na tembo walio hai, hupatikana uwiano unaosaidia kukisia kama vifo vinazidi vile vya kawaida.

Ilikuwa asubuhi, kusini mwa mto Rufiji. Miombo ilikuwa imepukutisha majani, na moto ulikuwa umepita sehemu nyingi, kwa hiyo kila cheupe kilionekana waziwazi juu ya ardhi nyeusi. Nilikuwa nimekwisha kutaja mizoga kadhaa tangu tulipoanza mstari, mmoja hapa, miwili pale, kwa ile sauti ya karani ambayo mtu huipata baada ya siku chache. Kisha upande wangu likatokea korongo la mchanga, na ukingoni mwake wamelala sita, labda saba, daraja la pili, karibukaribu kama walivyokuwa wamesimama wakati risasi zilipoanza. Tembo akipigwa wenzake humzunguka badala ya kukimbia, na majangili wanalijua hilo kuliko watafiti. Mbele ya kila fuvu palikuwa pamekatwa. Mmoja alikuwa mdogo sana, wa umri ambao pembe hazijatoka nje ya mdomo, na sikuona sababu yoyote ya kumuua.

Wote walikuwa nje ya fimbo. Hawakuwa mbali, kiasi kwamba ningesogeza kichwa upana wa vidole viwili wangeingia. Kwa mwendo wa ndege walikaa dirishani sekunde chache, na katika sekunde hizo kinasa sauti kilikuwa wazi mbele ya mdomo wangu, nami sikusema kitu. Mwangalizi wa mbele akataja mwisho wa kipande cha mstari, akaanza kingine, nikaendelea: nyati, wanane, tembo hai, wawili.

Mengine yalikwenda haraka. Matokeo yalitoka: 13,084, kutoka karibu 39,000 ya mwaka 2009. Mwezi Juni 2014 UNESCO iliiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo la akiba ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Idadi ile ilishambuliwa na watu wa kila upande na ikasimama, kwa sababu ilikusanywa na watu waliofuata fimbo. Nikiwataja wa nje, nahesabu kilichonishtua na kuacha kisichonishtua, na uwiano mzima unapinda. Isitoshe, kwa mantiki ya sampuli, ambapo ukanda uliohesabiwa huwakilisha eneo lote, wale wa korongoni wamo ndani ya 13,084: kutokuwapo kwao kumewakilishwa na kutokuwapo kwa wengine. Nimelifundisha jambo hili mara nyingi ubaoni na sijawahi kupata mwanafunzi wa kulipinga. Nami silipingi.

Hata hivyo, tangu nianze kuwafunza waangalizi wapya, nawaruhusu wawe na kijitabu cha pembeni cha kuandika mizoga waliyoiona nje ya fimbo na mahali ilipo, kwa kuwa askari wa doria wanaweza kuyahitaji maelezo hayo hata kama fomula haiyahitaji. Mwenzangu mmoja wa takwimu hakubaliani nami. Anasema naingiza huruma kwa mlango wa nyuma, na kwamba jicho linaloandika ya nje linapitwa na ya ndani. Ana hoja, kwa hiyo nimeongeza sharti: hakuna kuandika hadi ndege itue. Yeye hujibu kwamba hadi ndege itue watakuwa wamesahau nusu, na hilo nalo ni kweli.