Ganeti wa Bass Rock, Julai 2022

Mapatano yangu na mume wangu yalikuwa wazi kabla hatujatoka Northampton. Likizo ni ya familia, na mimi nina saa zangu za kutazama ndege asubuhi kabla watu hawajaamka, pamoja na siku moja ya kupanda boti sote kwenda kuizunguka Bass Rock, kisiwa cha ndege kule Scotland. Muda uliobaki ni wa watoto na mchanga wao, na wa mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja.

Usiku wa Julai kule Scotland ni mfupi mno, na alfajiri inaingia mapema kiasi kwamba ukishaswali, kitanda kinakuita tena. Mimi nilikuwa navaa koti, natia chai kwenye chupa, naning'iniza darubini shingoni, natoka. Tulipanga nyumba North Berwick, mji mdogo wa pwani mashariki ya Edinburgh, na ukishafika tu ufukweni unaiona Bass Rock imesimama peke yake baharini. Ni jiwe la volkano iliyokufa zamani, lina urefu wa zaidi ya mita 100. Kiangazi linakuwa jeupe, na weupe wenyewe ni ganeti, ndege wakubwa weupe wa baharini, na kinyesi chao, kuanzia kileleni mpaka kwenye magenge. Hesabu ya 2014 ilikuta viota zaidi ya 75,000 juu ya jiwe hilo moja, idadi iliyolifanya kuwa makazi makubwa kuliko yote duniani ya ndege hao. Hata jina lao la kisayansi, Morus bassanus, limetoka hapo.

Nilikuwa nimewangoja ndege hawa kwa miaka. Mapenzi yangu yalianza na buabua wa bwawa la Pitsford, karibu na kwetu, enzi zile nikimsukuma binti yangu kwenye kigari ili alale. Kila kitabu nilichoazima maktaba kilinipeleka kwenye jiwe lile.

Lakini mwaka wenyewe ulikuwa 2022. Mafua ya ndege yalikuwa yameingia Bass Rock mwezi Juni, na kuanzia Julai 1 watu walizuiwa kushuka kwenye visiwa 23 vya Scotland, Bass Rock na Isle of May vikiwemo. Boti ziliweza kuzunguka tu. Haya niliyajua kabla ya safari, na tulikubaliana twende hivyo hivyo.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta ganeti mmoja aliyekufa kwenye mstari wa mwani, maji yalipoishia kujaa. Amelala kifudifudi, bawa moja limetanda juu ya mchanga. Sikumgusa, mabango ya kukataza yalikuwa yamebandikwa kila njia ya kushukia. Nilichuchumaa mbali kidogo nikamwangalia kwa darubini. Kichwani alikuwa na manjano yaliyokolea kwenye kisogo na kufifia kuelekea shingoni. Mdomo wake wa kijivu ulipitiwa na mistari myeusi myembamba, kama mkono wa mtu uliotulia ulivyopaka wanja. Tundu za pua hazionekani kwa nje, maana huyu ni ndege wa kujitupa baharini kutoka angani. Miguu yake ndiyo iliyonishika zaidi. Ni myeusi, yenye ngozi kati ya vidole, na juu ya kila kidole inateremka mistari ya kijani. Kwa miguu hiyo ndiyo hulifunika yai lake moja, akalipa joto mpaka lianguliwe. Nilipoinua macho nikaona wengine wawili mbele, kisha kitu cheupe kikielea kwenye maji madogo.

Ndani ya saa mbili watoto wangeamka na ndoo zao. Nikarudi nyumbani nikamwamsha mume wangu, tukaongea jikoni kwa sauti ya chini. Yeye aliona tuhamie mji mwingine kabisa. Mimi nikaona tubaki, ila kila alfajiri nipite ufukwe mzima kwanza, niripoti niliowakuta, nichague sehemu safi ya kuchezea. Ndivyo tulivyofanya, na saa zangu za ndege zikawa za ukaguzi. Mambo mengine niliyaona humo humo katikati ya kukagua, wakiwemo mnandi wakikausha mabawa juu ya mawe ya bandarini na sululu wakitafuta chakula kwenye matope, lakini macho yalikuwa yanarudi chini kwenye mwani.

Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, hakukubali majibu mafupi. Alitaka kujua ugonjwa unaambukizaje, na kwa nini wasipewe dawa. Nilimweleza kwamba pale juu viota vimepangana, ndege akinyoosha shingo anamfikia jirani, na ugonjwa ukishaingia kwa mmoja hauna safari ndefu. Mama mkwe alikuwa anasikiliza huku anamenya chungwa.

"Baba yangu akiwafuata ndege hawa wa baharini," akasema. "Ukiwaona wanajitupa, mwanangu, jua jodari yuko chini. Hakuwa na mashine wala nini."

Mama ni mtu wa Kizimkazi. Nikamwambia kwamba Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha mbali kusini mashariki ya Unguja, wanataga jamaa wa ganeti, ndege weupe wenye uso mweusi. Akaniangalia kama mtu aliyetajiwa jina la jirani yake wa zamani. Babake aliwahi kufika huko, akawasimulia nyumbani habari za ndege wakubwa weupe ambao ukiwasogelea hawakimbii. Miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tukizungumza mapishi na afya za watu. Jioni ile tulizungumza ndege mpaka magharibi, na magharibi ya kule unaijua ilivyo mbali.

Siku ya boti bahari ilitulia. Tulipita kisiwa cha Craigleith kwanza, ambako mdogo wake binti yangu alipata alichokitaka, pafini, ndege mdogo wa baharini, aliyebeba visamaki vimening'inia mdomoni pande zote mbili. Kisha harufu ikatufikia, halafu kelele, halafu jiwe lenyewe. Ganeti walikuwa bado maelfu kwa maelfu, hewa imejaa. Lakini palikuwa na mabaka ya mwamba mtupu mahali ambapo picha za zamani zinaonyesha viota vimebanana, na kwenye kingo za magenge niliona waliokufa wamelala kando ya walio hai. Nililia, na sikujificha. Mume wangu alinishikia mkoba.

Tulipokuwa tunageuza, kundi likaanza kuvua upande wa kushoto. Ganeti anaweza kujitupa kutoka mita 30, anakunja mabawa nyuma dakika ya mwisho kabisa na kuingia majini kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa. Vifuko vya hewa chini ya ngozi ya uso na kifua ndivyo vinavyompunguzia kishindo. Walishuka mmoja baada ya mwingine, maji yanaruka juu. Mama akasimama, blanketi likaanguka, akanyoosha kidole na kumwambia nahodha kwa Kiswahili, "Hapo! Samaki wapo hapo!" Watoto wakashangilia pamoja naye.

Nilipiga picha nyingi mno. Katika moja, ganeti amekaa kiotani ananitazama, na jicho lake, ambalo kwa kawaida ni la buluu iliyofifia sana, ni jeusi lote. Nilidhani ni kivuli. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya ganeti waliowapima Bass Rock: kati ya waliokutwa na kinga za mafua yale mwilini, yaani waliougua wakapona, karibu wote walikuwa na macho kama hayo. Hesabu ya viota mwaka huo ilikuwa takriban 52,000.

Nilimtumia mama picha ile kwa WhatsApp, nikamweleza habari ya jicho na ile hesabu. Akanijibu kwa sauti: "Na kinda anaye?"

Anaye. Yuko pembeni ya picha, manyoya meupe tele, mdomo wazi, anadai chakula.