Kompyuta inazima ghafla katikati ya gemu: ni pawa saplai au kitu kingine?

Kabla hujafungua kasha wala kuagiza kifaa chochote, tazama kwanza kompyuta inazima vipi. Pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikishindwa haitoi ujumbe wowote. Skrini inakuwa nyeusi, sauti inakatika papo hapo, feni zinasimama, kama vile mtu kachomoa plagi. Mara nyingine mashine inajiwasha yenyewe baada ya sekunde chache. Ukiona skrini ya bluu, au gemu ikajifunga na kukurudisha kwenye desktopu, au picha ikaganda huku sauti ikijirudiarudia, anza na RAM, draiva na kadi ya grafiki, kwa sababu umeme ulikuwepo muda wote huo. Katikati ya hizo mbili kuna hali inayosumbua zaidi: skrini nyeusi, feni za kadi zinavuma kwa kasi ya mwisho, kompyuta haijazima. Hapo inaweza kuwa kadi yenyewe, au umeme wa kwenye kebo zake.

Dalili ninayoipa uzito kuliko zote ni hii: mashine imezima, unabonyeza kitufe cha kuwashia na hakuna kinachotokea, mpaka uzime swichi iliyo nyuma ya pawa saplai, usubiri kidogo, kisha uiwashe tena. Hiyo ni kinga ya ndani ya pawa saplai iliyokata umeme na kujifunga. Lakini usiihukumu bado. Kinga hukata pia ikiwa kadi au mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ina shoti, na hapo inakuwa imefanya kazi yake ipasavyo.

Kwenye Event Viewer ya Windows, inakowekwa kumbukumbu ya makosa, utakuta kosa la Kernel-Power namba 41. Wengi wakiliona tu hukimbilia kununua pawa saplai mpya. Kosa hilo linasema kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu, basi. Hata ukishikilia kitufe cha kuzimia litaandikwa. Fungua maelezo yake usome BugcheckCode, yaani namba ya kosa la skrini ya bluu. Ikiwa ni 0, hakuna skrini ya bluu iliyorekodiwa: ama umeme ulikatika, ama mashine iliganda kabisa. Ikiwa ni namba nyingine, ifuate hiyo. 278 inaelekeza kwenye kadi ya grafiki na draiva yake, 292 ni kosa la vifaa ambalo mara nyingi linahusu prosesa au volti zake.

Kwa nini gemu ndiyo inayoizima, wakati siku nzima kwenye kivinjari hakuna shida? Kadi ya grafiki haivuti umeme kwa usawa. Kadi iliyoandikwa wati 320 inaweza kuvuta karibu mara mbili ya hapo kwa kitambo kisichofika milisekunde moja, halafu ikashuka. Ukijumlisha wati kwenye karatasi unaona pawa saplai inatosha, lakini kinga yake inauona ule mruko na kukata. Ndiyo sababu ATX 3.0, kanuni ya utengenezaji wa pawa saplai ya mwaka 2022, inazitaka pawa saplai za kadi kubwa zivumilie mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Uzee nao unachangia: kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme ndani yake) zinakauka kwa joto, na pawa saplai iliyobeba mzigo uleule kwa miaka sasa inayumba mzigo unapobadilika. Kwa hiyo usishangae mashine ikizima kwenye menyu ya gemu, ambako fremu hupanda hadi mamia kwa sekunde, au pale ramani mpya inapomaliza kupakia.

Anza na yasiyogharimu kitu. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, bila UPS wala kebo ya kurefusha. UPS nyingi za bei nafuu zikihamia kwenye betri hutoa wimbi la umeme la ngazi ngazi, na pawa saplai nyingine hazilipendi. Halafu angalia kebo za kadi. Sloti ya mazabodi hutoa wati 75, na kiunganishi cha pini 8 wati 150. Kadi yenye viunganishi viwili ipewe kebo mbili zinazotoka kwenye pawa saplai kila moja peke yake, si kebo moja yenye vichwa viwili. Kama ni 12VHPWR (kiunganishi cha pini 16 cha kadi mpya), isukume mpaka mwisho, isikunjwe karibu na kichwa, na ukiona plastiki imebadilika rangi usiitumie tena. Kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) zima XMP au EXPO, ambazo huongeza kasi ya RAM, na ondoa mabadiliko yote ya kasi na volti, ikiwemo yale ya kupunguza volti.

Washa HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya kompyuta, irekodi kwenye faili kila sekunde moja, kisha cheza. Mashine ikizima, soma mistari ya mwisho. Prosesa iliyokuwa ikigusa nyuzi 100 ni tatizo la upoozaji, nalo huzima ghafla vilevile. Usomaji wa +12V (umeme wa volti 12 wa pawa saplai) kwenye programu usiuamini kama namba, maana vihisi vya mazabodi hukosea sana. Angalia unashuka kiasi gani mzigo unapopanda.

Namba ya kuaminika utaipata kwa multimita. Iweke kwenye volti 20 za DC, chukua kiunganishi cha Molex (kile cha pini nne) ambacho hakitumiki, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano, gemu ikiwa inaendelea. Inayokubalika ni volti 11.40 hadi 12.60. Waya mwekundu uwe kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, pawa saplai ni mbovu. Ndani ya hapo bado hujathibitisha kuwa ni nzima, kwa sababu multimita hutoa wastani na haioni mtikisiko wa milisekunde. Kile kipimo cha kuunganisha pini ya kijani na nyeusi kwa kipande cha waya nacho kinaonyesha tu kwamba inawaka. Hakina mzigo wowote.

Sasa gawanya mzigo kwa programu mbili za kuvipa vifaa kazi nzito. Prime95 kwa Small FFTs dakika 15, prosesa peke yake. FurMark dakika 15, kadi peke yake. Halafu zote pamoja. Zikipita moja moja na mashine ikazima mara tu zinapokutana, pawa saplai inashukiwa sana. Kaa karibu, na ukisikia harufu ya kuungua zima ukutani. Kumbuka FurMark huweka mzigo ulionyooka, kwa hiyo kufaulu hapo hakuondoi ile miruko ya kwenye gemu.

Kipimo kinachonifaa zaidi ni cha kushusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 60 au 70 kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, fremu zifungwe 60 kwa sekunde, kisha ucheze gemu ileile mara mbili ya muda ambao kwa kawaida huwa inazima. Isipozima, usikimbilie jibu, maana kikomo kikishuka kasi ya kadi nayo inashuka. Rudisha kikomo asilimia 100, halafu punguza kasi ya kadi peke yake kwa megahezi 150. Ikipona hapo, kadi ndiyo isiyo imara. Ikirudia kuzima ghafla, ni umeme.

Mwisho kabisa, azima pawa saplai nzima yenye wati za kutosha uijaribu. Hamisha na kebo zake zote. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hauna kanuni moja, hata kwa bidhaa za kampuni ileile, na kebo ya zamani inayoingia vizuri inaweza kupeleka volti 12 mahali pa 5 na kuunguza diski zote. Ile ya zamani usiifungue: kapasita yake kubwa hubeba karibu volti 400, na hubaki nazo hata baada ya kuchomoa.

Ikiwa bado inazima na pawa saplai nyingine, jaribu kadi nyingine. Halafu chomoa waya za vitufe vya mbele ya kasha na uwashe kwa kugusisha pini mbili za kuwashia kwa bisibisi. Kitufe kinachonasa, au waya wa kuwashia upya uliobanwa na chuma cha kasha, huzima mashine kwa namna ileile.