Filamu mbili za kiungo kimoja

Nilikuwa mkaguzi wa mishono ya kuchomelea kwenye ujenzi wa mtambo wa nyuklia, upande wa mabomba ya chuma cha pua yanayopeleka maji ya dharura kwenye kinu cha nyuklia. Kila asubuhi niliingia chumba chenye giza, nikaweka filamu juu ya kisanduku cha taa na kusoma mishono iliyopigwa picha za mionzi usiku. Bomba la ukubwa ule lilihitaji angalau picha tatu, chanzo cha mionzi kikizungushwa nyuzi 120 kila mara, ili mshono wote uonekane.

Asubuhi moja nilifika kwenye filamu za kiungo namba 17, yaani mahali vipande viwili vya bomba vilipochomelewa pamoja. Mshono ulionekana mzuri. Vilikuwepo vitundu vitatu vidogo vya gesi, vimekaa kama mafiga, vyote ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Nilishashika kalamu kutia saini, kisha mkono ukasita. Mafiga yale nilikuwa nimeyaona nusu saa kabla.

Nikatoa bahasha ya namba 14, nikaiweka filamu yake juu ya ile ya 17 na kuisogeza taratibu mpaka kingo zikalingana. Vitundu vikaangukiana. Mawimbi ya tabaka la juu yakaangukiana. Hata mkwaruzo wa grenda pembeni ya mshono ulikuwa palepale. Kilichotofautiana ni namba za madini ya risasi zinazobandikwa ili kila filamu itambulike. Hakuna fundi anayeweza kuchomelea mishono miwili ikafanana namna ile. Kiungo kimoja kilipigwa picha mara mbili kwa majina mawili.

Moyo ulinienda mbio, na nakiri nilitaka kwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa ujenzi nikiwa na filamu mkononi. Nilijizuia. Niliandika zuio la kazi kwa viungo vyote viwili, nikavifunga vitambulisho vyekundu, kisha nikachukua tochi, futi na kioo kidogo cha kukagulia nikaenda kwenye bomba lenyewe.

Kiungo 17 kilikuwa nyuma ya mhimili wa chuma, karibu mno na ukuta wa zege. Nilipima nafasi iliyobaki. Kikingio cha mionzi kinachofungwa mbele ya mrija wa chanzo hakikuweza kupita pale. Kwa hiyo picha ile, kwa mpangilio wa vyuma ulivyokuwa, isingewezekana kupigwa. Upande huohuo ndio mchomeleaji naye alilazimika kuufikia kwa kutazama kwenye kioo.

Kiongozi wa wapiga picha za mionzi alikuwa mtu mzima, mwenye miaka mingi kwenye kazi. Nilimkuta peke yake, nikamwonyesha filamu mbili zilizopandana. Akazitazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “usiku ule tulikuwa na saa nne tu.”

“Mzee wangu, saa nne zilikuwa zinatosha mwezi uliopita.”

“Mwezi uliopita chanzo kilikuwa kipya.”

Hapo ndipo nilipoielewa habari yote. Walikuwa wakitumia iridiamu-192, metali inayotoa mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 74. Chanzo kikizeeka, filamu ileile huhitaji muda mrefu zaidi kupata weusi unaosomeka. Kikifika nusu ya nguvu yake, muda huwa mara mbili. Ratiba ya usiku ilikuwa ileile, saa nne ambazo eneo huondolewa watu wote kwa ajili ya mionzi, na idadi ya viungo ilikuwa ileile. Hakuna aliyekaa chini kuzioanisha. Kila asubuhi kampuni yao ilidaiwa idadi kamili, na aliyesema “hatukumaliza” alionekana mzembe.

Sikumwambia kwamba yataisha kimyakimya. Nilimweleza kwamba nitaandika yote, na kwamba sababu nayo itaandikwa, kwa uzito uleule wa kosa. Aliketi nami akanitajia usiku mwingine wenye shaka. Nadhani angenificha kama ningefika kwa kelele.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ofisini. Msimamizi wa ujenzi alitaka zuio liondolewe. Hoja yake ilikuwa kwamba bomba litajaribiwa kwa maji, kwa mara 1.25 ya shinikizo la usanifu, na mshono mbovu utavuja. Nilimjibu kwamba jaribio la maji huonyesha kinachovuja siku ile. Mzizi wa mshono, yaani sehemu yake ya ndani kabisa, ambao haukushikana unaweza kulipita salama, halafu miaka ya kupashwa joto na kupoa ikaufungua polepole. Katika kinu cha maji ya shinikizo, mzunguko wa kwanza, yaani maji yanayopita kwenye kinu chenyewe, hukaa kwenye shinikizo la takriban baa 155 na joto linalopita nyuzi 300 za Selsiasi, na mtambo ukishaanza kazi, kila anayekwenda kukagua pale hupokea dozi ya mionzi. Mwishoni mwa 2021 kule Civaux, Ufaransa, nyufa ziligunduliwa karibu na mishono ya mabomba ya aina hii hii, na vinu vingine kadhaa vikazimwa ili vikaguliwe. Sababu yake ilikuwa nyingine, lakini gharama ya kurudi kwenye mshono baada ya kinu kuwaka ni ileile.

Nikamtajia pia Mihama, Japani. Tarehe 9 Agosti 2004 bomba la mzunguko wa pili, ule wa maji na mvuke unaozungusha turbini, la kinu namba 3 lilipasuka, mvuke ukaua wafanyakazi 5. Ukuta wake ulikuwa umelika kutoka milimita 10 hadi 1.4, na sehemu ile haikuwahi kupimwa tangu mtambo uanze kazi 1976, kwa sababu iliachwa nje ya orodha ya ukaguzi. Kiungo 17 kwetu kilikuwa hatari zaidi kwa namna moja: kilikuwemo kwenye orodha, na kimewekewa alama ya vema. Ambacho hakijakaguliwa mtu anaweza kukikumbuka siku moja. Hiki kisingetafutwa na yeyote.

Zuio lilibaki. Tuliiarifu mamlaka ya udhibiti, mhimili ukafunguliwa kwa muda, kiungo kikapigwa picha nikiwepo. Kwenye filamu ya pili, upande wa ukutani, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba ulionyooka, wa takriban milimita 40. Mzizi haukushikana na chuma. Nililitarajia jambo lile na bado miguu iliniishia nguvu.

Kilikatwa na kuchomelewa upya, gesi ya argoni ikipitishwa ndani ya bomba ili mzizi usiungue, na mhimili ukiwa umeondolewa ili fundi aone anachofanya. Nilizisoma tena filamu zote za kikosi kile za majuma yale, moja juu ya nyingine, siku nane mfululizo. Nikapata jozi nyingine moja. Mshono wake ulikuwa mzima, ila nao ulipigwa picha upya.

Tuliyobadilisha yalikuwa machache. Jedwali la nguvu ya chanzo lilibandikwa ukutani, na idadi ya viungo vya usiku ikapangwa kutokana nalo. Kiungo kisichofikika huandikwa “hakikupigwa”, na anayeandika hivyo haulizwi kwa ukali. Mkaguzi mmoja huenda na kikosi usiku wowote bila kutangaza, huingia kuangalia mrija wa chanzo ulivyowekwa kabla ya kila picha, kisha husimama nje ya kamba ya mionzi.

Usiku wa kwanza wa chanzo kipya ulikuwa wangu. Mzee alimaliza viungo saba, akaacha viwili, akaviandika kwa herufi kubwa na kunipa karatasi nisaini.