Vakyumu ya Sampu: Nilivyochagua Yangu Hapa Mombasa

Ukitaka kununua vakyumu ya kusafishia sampu ya tangi la samaki, usianze kwa kuuliza ina wati ngapi. Jiulize kwanza: yale maji ukishayavuta utayamwaga wapi, na utayafikishaje huko? Mimi nakaa Tudor, ghorofa ya tatu, nyumba haina lifti, na tangi langu ni la maji ya bahari. Swali hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu.

Kwa asiyeijua, sampu ni lile tangi dogo linalokaa ndani ya kabati, chini ya tangi kubwa. Maji hushuka kwa bomba, hupita kwenye soksi ya kuchujia na kwenye skima inayotoa uchafu kwa mapovu, kisha pampu huyarudisha juu. Mabaki ya chakula, mavi ya samaki na vipande vya mwani hutulia kwenye pembe ambazo maji hayaendi kasi, vikawa tope laini la kahawia. Tope hilo likioza hutoa amonia. Bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, halafu naitreti, na naitreti pamoja na fosfeti ndizo zinazolisha ule mwani wa nyuzi unaofunika mawe. Likiachwa likawa nene, oksijeni haifiki chini, na siku ukilikoroga linanuka yai viza, harufu ileile ya tope la mikoko huku kwetu maji yakipwa. Gesi hiyo ni sumu kwa samaki. Nina kangaja ambao nawapenda mno, nao ni samaki wanaotaka oksijeni nyingi. Sikutaka kungoja yafike huko.

Tangi la juu halina taabu. Unatia mpira, unavuta kidogo, maji yanashuka ndooni pamoja na uchafu wake. Sampu iko sakafuni, na hapo ndipo mpira unaposhindwa, kwa sababu mdomo wa kutokea lazima uwe chini kuliko uso wa maji unayoyavuta. Niliwahi kuupeleka mpira mpaka kwenye tundu la maji bafuni. Maji yalitiririka, ila polepole, na tope likawa linatulia ndani ya mpira kabla halijafika mlangoni. Pampu ndogo ya kuzamisha nayo huacha maji ya vidole viwili chini, na tope lote liko kwenye vidole hivyo viwili. Vile vifyonzi vya betri vya kushika mkononi vinafaa kwa mchanga wa tangi dogo. Kwenye tope la sampu kifuko chake huziba upesi, na kinachopita kinarudi majini.

Ikabaki vakyumu ya majimaji, ile yenye pipa chini na mota juu. Hapa niseme wazi: vakyumu ya vumbi peke yake, ya kapeti za nyumbani, isiguse maji kabisa. Ndani yake hewa inayovutwa ndiyo inayopita kwenye mota na kuipoza, kwa hiyo maji nayo yataelekea kwenye umeme. Zile za majimaji huwa na njia ya pembeni ya kupozea mota, na maji hudondokea ndani ya pipa.

Sikwenda dukani moja kwa moja. Nilikwenda kwanza kwa vijana wa kuosha magari kule Makupa, maana wao wanazitumia mashine hizi kuanzia asubuhi hadi jioni na wanajua zinakufa vipi. Kijana mmoja alikuwa anavuta maji kwenye viti vya matatu. Nilipomuuliza habari za wati akatikisa kichwa.

"Mzee, wati ni maneno ya kwenye boksi. Wewe angalia boya."

Akaizima mashine, akafungua kifuniko, akanionyesha: chini ya mota kuna kikapu kidogo cha plastiki, na ndani yake kuna boya linalopanda na kushuka. Pipa likijaa, boya linapanda na kuziba tundu la hewa, mlio wa mashine unabadilika unakuwa mwembamba, na maji hayavutwi tena. Akalisukuma kwa kidole nione linavyocheza. Kwenye mashine nyingine lilikuwa linakwama kwa uchafu, na hiyo, alisema, ndiyo iliyokuwa imeunguza mota. Tangu hapo sinunui wala simshauri mtu kununua mashine kabla ya kufungua kifuniko na kulitikisa boya.

Akaongeza jambo ambalo kwa mtu wa samaki lina uzito kuliko yote: boya halijui povu. Wao wanaliona kwa sabuni. Sisi tunalo letu, maana maji ya sampu yamejaa utelezi wa protini, na yakivurugwa ndani ya pipa yanaumuka. Povu linaweza kufika kwenye mota huku boya limelala. Dawa yake ni kumwaga mapema, pipa likiwa nusu. Kijana alitaka kuniazima yake nikaijaribu nyumbani. Nilimshukuru nikakataa, kwa sababu mpira wake umenyonya shampuu ya magari kwa muda mrefu, na mabaki ya sabuni ni hatari kwenye maji ya samaki.

Kutoka hapo nilipita kwa fundi wa mota, Bondeni. Yeye alizungumzia chumvi tu, na kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota inayozunguka. "Kaboni zikiisha nakuwekea nyingine, haina shida. Lakini chumvi ikishaingia kwenye beringi, hiyo si kazi ya kaboni tena." Akanishauri nikwepe mapipa ya bati, hata yale yanayong'aa, nichukue la plastiki, na nikague vibano na skrubu za kifuniko kama ni za chuma kinachopata kutu.

Basi nikaingia madukani nikijua ninachotaka. Muuzaji alinivutia pipa la lita 30. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na kidogo, kwa hiyo pipa hilo likijaa linapita kilo 30 kabla hujahesabu mashine yenyewe. Nani atalinyanyua kulipeleka bafuni, na kizingiti kile? Nikachukua la lita 15, lenye kizibo cha kumwagia chini kabisa, ili nisilazimike kulipindua na mota ikiwa juu yake. Ukubwa huo hujaza robo tatu ya jerikeni letu la kawaida, na ndio mzigo ambao mtu mzima anaubeba bila kuumiza mgongo.

Kwa wanaopenda mitumba ya umeme inayoshuka na makontena: soma kibandiko cha nyuma. Mashine ya Marekani ni ya volti 120 hivi, ya Japani ni 100, na soketi zetu ni 240. Ukiichomeka bila transfoma itaungua papo hapo.

Jambo lililobaki lilinisumbua kuliko kununua. Mpira unaokuja na mashine ni mnene, na ukiutumbukiza kwenye sampu unakomba maji yote kufumba na kufumbua, tope likabaki limeshikilia kioo. Maji yangu nayachota baharini kwa majerikeni, maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya vijito ambako mvua za masika huyapunguzia chumvi. Kila lita nimeibeba ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo nilitafuta bomba gumu la plastiki, jembamba kama kidole gumba, nikalikata mdomo mshazari, nikaliunganisha na mpira kwa kipande cha raba na kibano. Sasa navuta tope pembe kwa pembe na maji kidogo tu, na kinachotoka nakihesabu kuwa ndiyo sehemu ya maji ambayo ningebadilisha hata hivyo.

Kabla ya kuanza nazima pampu ya kurudisha, nangoja maji ya juu yamalize kushuka, ndipo nafungua kabati. Waya wa mashine nauning'iniza upinde chini ya soketi, ili maji yakiufuata yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Soketi yenyewe iko kwenye swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Kwa mtu anayechanganya maji ya chumvi na umeme, ningesema anunue swichi hiyo kabla ya vakyumu. Chujio la karatasi natoa, maana likilowa linachanika. Naacha sponji peke yake.

Sisafishi sampu nzima kwa mara moja. Bakteria wazuri wanakaa kwenye mawe na kuta, kwa hiyo chumba kimoja leo, kingine baadaye, na mawe siyagusi.

Nikimaliza, naivutisha mashine maji baridi ya bomba, ndoo nzima. Maji ya visima vingi vya kisiwani nayo yana chumvi, hayo hayasaidii. Halafu naiacha ivute hewa tupu dakika kadhaa, nalitoa sponji nalianika, na kifuniko nakiacha wazi usiku kucha. Maji machafu yanaingia chooni. Anayefuga samaki wa maji baridi anaweza kumwagilia nayo mchicha, lakini haya yangu yangeukausha.

Siku ya usafi nabadilisha pia soksi ya kuchujia, kwa kuwa tope lililotimka litaishia humo. Skima huwa inaumuka kupita kiasi siku hiyo, basi nateremsha kiwango cha maji ndani yake mpaka kesho yake, povu linapotulia.