Usiku Ambao Amina Ilichelewa

Juzi, tulipokuwa tukisali kabla ya kulala, binti yangu aliniuliza, "Mama, hao waliotukosea tunaowasamehe kila siku ni akina nani?" Nilimjibu kwa kifupi, kwa kuwa mdogo wake alikuwa amekwisha kusinzia, lakini tangu usiku huo mawazo yangu yamekuwa Old Moshi, kwetu Uchagani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika ule mwaka wa ugomvi wa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba.

Maji ya mfongo tuliyapata kwa zamu. Kiangazi kile mto ulipungua, zamu zikawa fupi, na alfajiri moja baba akakuta mfereji umezibwa kwa vigogo vya migomba na udongo, maji yote yakiingia katika kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, cha jirani yetu wa upande wa juu. Yalisemwa maneno makali mbele ya watu, likiwamo moja la baba lililomgusa marehemu mama wa jirani huyo. Hawakusalimiana tena.

Nyumbani, ibada ya jioni haikuwa jambo la hiari. Baba alisoma Neno, tukaimba, kisha tukakariri sehemu ya Katekisimo Ndogo, ambayo Martin Luther aliiandika mwaka 1529 ili mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Baba aliipokea kama agizo alilopewa yeye mwenyewe. Mwisho tulipiga magoti kwa Sala ya Bwana, yeye akitangulia na sisi tukifuata.

Jioni moja alifika penye "utusamehe makosa yetu, kama sisi", akanyamaza. Tulidhani amepaliwa. Akarudia, "kama sisi", akanyamaza tena, na safari hii nilifumbua jicho nikamwona ameinamia kigoda, viganja vyake vimekibana kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya. Ndizi zilitokota jikoni na hakuna aliyekwenda kuziepua. Kisha akainuka bila kututazama, akatungua kandili msumarini, akatoka, nasi tukabaki na mwanga wa moto uliopenya kutoka jikoni. Kupitia mlango uliobaki wazi tulimwona akisimama penye ua na kuchuma jani la isale. Kila Mchaga analijua jani hilo: masale hupandwa mipakani mwa vihamba, na ndiyo hubebwa na mtu anayekwenda kuomba radhi, na ni vigumu sana kwa anayeletewa kulikataa. Kaka yangu aliinuka ili amfuate. Mama, ambaye hakuwa amefumbua macho, akamwambia, "Piga magoti. Hatujasema amina."

Tulikaa hivyo hivyo. Mdogo wetu wa mwisho alilala akiwa ameegemea mgongo wa mama, magoti yangu yakafa ganzi, na mwanga wa kandili ukapanda mlima kati ya migomba mpaka tukaupoteza. Baba aliporudi, alipiga magoti palepale, akasema, "tunavyowasamehe waliotukosea", akaendelea hadi mwisho, tukaitikia amina, tukala. Yaliyosemwa huko juu hakutueleza, wala sisi hatukuthubutu kuuliza.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Uchagani kati ya 1902 na 1938, aliamini kwamba ukoo na ujirani ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amewapa watu, na kwamba kanisa halipaswi kuvivunja. Bibi yetu alikulia katika mafundisho hayo, naye ndiye aliyemlea baba, kwa hiyo sidhani kama baba aliliona jani lile na sala ile kuwa mambo mawili.

Ningependa kuandika kwamba majirani wakawa marafiki, lakini haikuwa hivyo. Walisalimiana, zamu za maji ziliheshimiwa kwa sehemu kubwa, na jirani yule hakuwahi kuingia nyumbani kwetu mpaka msiba wa baba, alipokuja na kuchimba kaburi pamoja na vijana.

Kaka yangu, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, anaona kwamba mzazi hapaswi kuwabebesha watoto ugomvi wa watu wazima, na kwamba mtoto anahitaji kwanza kuona sala ikikamilika ili ajifunze kuitegemea. Ninamwelewa, kwa kuwa yeye aliogopa sana usiku ule. Hata hivyo mimi nashikilia kwamba tulihitaji kuiona ikikatika, ingawa nina wasiwasi kama ningeweza kuikata mbele ya wanangu. Tumebishana hivyo kwa miaka, na mama, tunayemgeukia kila mara, hajakubali bado kutuamua.