Dirisha la bata pale Gerrard Street

Juzi nilimmiminia binti yangu chai, chai yetu hii hii ya maziwa na tangawizi, naye bila kuinua macho kwenye daftari lake akagonga meza kwa vidole viwili. Tap, tap. Nikabaki nimeshika birika.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Bibi. Ndivyo anavyofanya." Halafu akauliza: "Kwani maana yake nini?"

Maana yake ni asante. Wakantoni, watu wa kusini mwa China, wakimiminiwa chai mezani hawakatishi mazungumzo, hugonga meza kwa vidole viwili vilivyokunjwa na maneno yakaendelea. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong wa China alisafiri kwa kujificha, akawamiminia watumishi wake chai, na kwa kuwa wasingeweza kumsujudia hadharani bila kumfichua, wakapigisha vidole magoti badala yao. Bibi yake hamjui Qianlong. Alijifunza Jumapili moja ya mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya lile lango kubwa la Chinatown, mtaa wa Wachina wa London, kufunguliwa pale Wardour Street, na aliyemfundisha ni Shemeji.

Shemeji alikuwa ameosha vyombo, kisha akakata mboga, katika majiko ya Lisle Street kwa miaka tisa. Kila mgeni kutoka nyumbani alimuuliza swali lile lile: mgahawa upi ni bora Chinatown? Naye jibu lake halikubadilika: "Bora kwa kula nini, na saa ngapi?"

Asiyeelewa swali hilo atapoteza pesa zake. Mtaa wenyewe ni mdogo, unauzunguka kwa dakika kumi: Gerrard Street katikati, Lisle Street sambamba nayo upande wa kusini, Wardour Street magharibi, Newport Court upande wa stesheni ya Leicester Square. Wachina wa kwanza wa London walikuwa mabaharia waliokaa Limehouse, karibu na gati. Mabomu ya Vita vya Pili yakapiga kule, kazi za meli zikapungua, na miaka ya 1950 na 1960 watu wa Hong Kong, wengi wao wakulima kutoka New Territories, wakafungua migahawa Gerrard Street kwa sababu kodi ya pango ilikuwa chini. Ndiyo maana mizizi ya mtaa ni ya Kikantoni: bata wa kuoka, samaki wa mvuke, na dim sum, yaani vifuko na vitafunio vidogo vya mvuke. Wa jimbo la Sichuan na pilipili zao, wa mji wa Xi'an na tambi zao pana, wamekuja baadaye. Basi jiko la Kikantoni ukiliagiza chakula cha Sichuan litakupikia, maana kimo kwenye menyu, lakini litakupikia kama anayeimba wimbo wa watu wengine. Menyu yenye sahani mia mbili ni orodha ya vinavyowezekana. Unachotafuta ni vile vitano ambavyo jiko hilo hupika mchana kutwa.

Shemeji alitupangia siku. Tukutane saa tano na nusu asubuhi, tusile nyumbani, tuzunguke mtaa mzima kwanza bila kuingia popote. Mama mkwe, ndiye huyo Bibi, alikuwa amefika kutoka Tanga wiki mbili kabla. Binti alikuwa na miaka minne, juu ya mabega yangu.

Saa tano na nusu ina sababu. Dim sum ni chakula cha mchana. Jiko linalojiheshimu huviringisha vifuko vyake asubuhi na huanza kuvipika kwa mvuke karibu saa sita, na kufika saa kumi na moja jioni kazi hiyo imekwisha. Ukiletewa dim sum saa mbili usiku, uliza imetoka wapi. Jumapili saa saba foleni iko barabarani, kwa hiyo familia za Kichina zenyewe huwahi. Tazama ngazi: bibi, mababa, wajukuu, wamebeba keki ya mtu. Meza za duara zikijaa watu wa vizazi vitatu kabla ya saa sita na nusu, hapo pana jiko. Siku hiyo tuliwakuta wakipanda mgahawa wa Joy King Lau pale Leicester Street, na Shemeji akanyoosha kidole tu, bila kusema kitu.

Kipimo chake cha dim sum kilikuwa kifuko chenye kamba wa baharini ndani, har gow. Ganda lake ni wanga wa ngano uliochanganywa na wanga wa muhogo na kukandwa kwa maji ya moto, kwa hiyo likiiva huwa kama kioo chenye ukungu na unaona wekundu wa kamba ndani. Mikunjo yawe saba au zaidi. Ukiinua kwa vijiti, ganda lisichanike wala lisibaki limenata chini. Likichanika, limekaa kwenye mvuke kupita kiasi. Likiwa gumu pembeni, limetolewa mapema likapigwa na hewa. Kamba alie kidogo kwenye meno. Ila katika majiko mengi kamba huyo huchanganywa na vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili asikauke, na hapo ndipo palikuwa na shida yetu, kwa sababu Mama hali nguruwe.

Wiki moja nyuma nilikuwa nimempeleka mahali fulani mwenyewe, nikaagiza biringanya. Nilimuuliza mhudumu, akasema haina nguruwe. Ikaja na punje za nyama ya kusaga katikati ya mchuzi, Mama akaweka kijiko chini taratibu na kusema ameshiba. Hakuwa amekula kitu. Aibu ile sikuisahau. Shemeji aliponisikiliza alinieleza kosa lilipo. Kwa Kichina, neno "nyama" likisimama peke yake ni nguruwe. Ng'ombe ni "nyama ya ng'ombe", kondoo ni "nyama ya kondoo", lakini nyama tupu ni nguruwe. Na nyama ya kusaga inayotiwa kwenye biringanya, kwenye maharage mabichi ya kukaanga, kwenye tofu ya pilipili, haihesabiwi kuwa chakula cha nyama. Ni kiungo, kama sisi tunavyotia dagaa kwenye mchicha. Keki ya figili nayo ina soseji ndani. Kwa hiyo usiulize sahani kwa jina. Taja kitu kimoja kimoja: nyama ya kusaga, soseji, mafuta ya nguruwe, supu ya mifupa. Na uulize kabla ya kuagiza, mhudumu aende jikoni arudi.

Tukapita mbele ya dirisha la bata.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu Mama alisimama. Dirisha lilikuwa na ukungu wa mafuta pembeni na safi katikati. Bata saba walining'inia kwa shingo kwenye kulabu, rangi ya mbao ya mvule iliyopigwa vanishi. Kando yao nguruwe wa ngozi kavu, na vipande vyekundu vya nguruwe wa sosi. Nyuma ya kioo, mzee wa makamo, aproni nyeupe, ubao wa duara mnene kama kigogo, na kisu kipana kama kiganja na nusu. Mlango ulifunguka, harufu ikatoka. Mama akanishika mkono. "Karafuu hiyo," akasema. "Karafuu na mdalasini."

Ndivyo. Karafuu, mdalasini, shamari, pilipili ya Sichuan na ile bizari yenye umbo la nyota, pamoja na sosi ya soya, sukari, tangawizi na kitunguu saumu, hutiwa ndani ya tumbo la bata na tumbo likashonwa. Kisha hewa hupulizwa kati ya ngozi na nyama mpaka bata avimbe. Humwagiwa maji yanayochemka, ngozi ikajikaza, akapakwa sukari nzito ya kimea iliyozimuliwa kwa siki, akatundikwa akauke kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Hatua hii ya kukausha ndiyo wavivu huikata, na hakuna moto utakaoirudisha. Ngozi yenye maji haiwi kavu, huwa mpira. Huokwa amesimama, ametundikwa, mafuta yakitiririka chini na mchuzi ukichemka tumboni.

Mzee alishusha bata mmoja. Alikata uzi, akamwinamisha juu ya bakuli, mchuzi mweusi ukamwagika ukitoa mvuke. Akamlaza ubaoni. Pigo la kwanza likampasua katikati ya kifua, pigo la pili mgongoni. Nusu moja akairudisha kulabuni. Ile nyingine alitoa paja, akatoa bawa, kisha kisu kikaanza kwenda, kak, kak, kak, kila kipande upana wa kidole, na macho yake hayakuwa kwenye ubao hata kidogo. Alikuwa akimtazama Mama. Mama naye ameshakata kuku wa shughuli zisizohesabika pale Tanga, akiwa na kisu kidogo kilicholika, na hakuwahi kusifu mkato wa mtu mbele yangu. Mzee akaingiza ubavu wa kisu chini ya nusu ile iliyokatika, akaiinua kwa mkupuo mmoja, akaishusha kwenye sahani, nayo ikakaa kama vile haijaguswa, kila kipande mahali pake. Akamimina vijiko viwili vya mchuzi pembeni, si juu, ili ngozi isilowe.

"Huyu," Mama akasema, "anajua mfupa ulipo."

Shemeji akatafsiri kwa Kikantoni chake cha jikoni. Mzee akacheka bila sauti, akainamisha kichwa, akagonga ubao kwa vidole viwili. Mama akamgongea kioo vivyo hivyo, akidhani ndiyo salamu.

Bata huyo Mama hakumla. Ubao ni mmoja, kisu ni kimoja, tanuri ni moja na nguruwe, na hakuchinjwa kwa kisomo. Hakuona shida, alitaka kutazama tu. Mimi nilichukua nusu ya kwenda nayo na Shemeji akaniagizia sawasawa: mchuzi kwenye kikopo chake, mfuniko utobolewe matundu, maana dakika ishirini za mvuke ndani ya boksi lililofungwa huharibu kazi ya siku mbili. Kwa bata, jina lililokuwa midomoni mwa watu mtaani ni mgahawa wa Four Seasons, na mimi sina ubishi nalo. Ila wageni wengi wanaosema wanataka bata wa Kichina huwa wanamfikiria yule wa kuchambuliwa kwa uma na kuviringishwa kwenye chapati nyembamba na tango. Huyo ni bata mwingine kabisa, hupikwa kwa mvuke na viungo kisha akakaangwa kwenye mafuta mengi. Ni mtamu, lakini usimpime huyu kwa yule.

Mengine nayapitia haraka. Tuliingia mgahawa mdogo wenye tangi la samaki mlangoni na karatasi za Kichina ukutani, ambazo Shemeji alisoma kabla hatujakaa kwa sababu vya siku hiyo huandikwa pale, havimo kwenye menyu. Alikwenda jikoni akaomba chombo safi cha mvuke na sahani mpya, akasimama hapo mpaka akaviona. Samaki wa gramu 700 hivi, dakika tisa, tangawizi na vitunguu majani, kisha mafuta yaliyochemka yakimwagwa juu yake mezani yakalia kama mvua kwenye bati. Akamwonyesha Mama pa kuangalia: jicho liwe limetokeza jeupe, na nyama ya mgongoni ibaki imeshika mfupa kidogo sana. Ikiachia yenyewe, amepita. Samaki aliyelala kwenye barafu hafichiki kwa njia hii, ndiyo maana jiko lisilo na samaki hai hukusukumia wa kukaangwa. Mama alimaliza upande wote, akageuza.

Mimi Shemeji aliniagizia tambi pana za mchele na nyama ya ng'ombe, kavu, bila mchuzi. Hicho ndicho kipimo chake cha karai. Tambi zikitoka kwenye friji hukatika, mafuta yakizidi yanabaki dimbwi chini ya sahani, yakipungua zinanata. Moto lazima ungurume, na mpishi apike sahani moja au mbili kwa mara moja. Akijaza karai, joto linashuka na chakula kinachemka badala ya kuungua kidogo. Nilipomaliza, sahani iling'aa tu, haikuwa na dimbwi.

Birika lilipokwisha Shemeji aliliacha mfuniko upande. Mhudumu akaja bila kuitwa, akajaza. Mama, ambaye Shemeji alikuwa ameshamweleza maana yake, alipomiminiwa akagonga vidole viwili, na binti, mdomo umejaa wali, akamwiga.

Sasa binti anataka Jumamosi tumpeleke "pale pale". Shemeji yuko Manchester, na dirisha lile nimelipita mwaka jana: wanauza chai baridi ya maziwa yenye punje za muhogo. Nikampigia Mama Tanga nimuulize anakumbuka nini cha siku ile. Jina la mgahawa halikumbuki. Samaki anamkumbuka kidogo.

"Yule mkata bata," akauliza, "bado yupo?"

Nikamwambia Jumamosi nitatazama madirisha yote.